Kupata nafuu si kipimo cha ugonjwa

Ngozi ya binadamu ina maneno machache ya kueleza maradhi mengi. Huwasha, huvimba, hubadilika rangi, hutoa magamba, hunyonyoka nywele, basi. Lakini magonjwa yanayojieleza kwa maneno hayo machache ni mengi mno, na hapo ndipo lilipo tatizo ninalotaka tulizungumze leo: tabia yetu ya kulitazama baka, kulipa jina, kisha kulipaka dawa.

Chukueni mfano wa baka lililotokea kwenye nyusi au kichwani. Lina vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, linawasha, na nywele za mahali pale zimedondoka. Mama atasema ni mapunye. Jirani atasema ni pumu ya ngozi. Mzee atanong'ona kuwa huenda ni ukoma, na hatakosekana wa kusema kuwa mtu huyo amerogwa. Lakini upo ugonjwa mwingine ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutaja. Madaktari huuita musinosisi ya vinyweleo.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1957 na Dk. Hermann Pinkus wa Marekani. Kinachotokea ni hiki: kila unywele umeota ndani ya kifuko chake kidogo katika ngozi. Uteute uitwao musini, wenye tabia ya kushika maji, hujikusanya katika kuta za kifuko hicho na katika tezi ya mafuta iliyo jirani yake. Kifuko huharibika, unywele hupoteza mshiko, hudondoka. Ni ugonjwa wa nadra. Hauambukizi, wala hauletwi na uchafu.

Kwa watoto na vijana, mara nyingi huwa baka moja au machache usoni, kichwani au shingoni, na wengi wao hupona bila matatizo makubwa. Kama habari ingeishia hapo, nisingekuja nayo mbele ya kipaza sauti. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watu wazima wenye mabaka yaliyoenea mwilini, uteute huo huandamana na jambo zito zaidi: saratani ya chembe nyeupe za damu inayokaa ndani ya ngozi. Iliyo maarufu kati ya saratani hizo huitwa maikosisi fungoidi.

Jina hilo lenyewe linapotosha, maana anayelisikia hudhani ni fangasi. Dk. Alibert wa Paris, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1806, aliona uvimbe wa mgonjwa wake ukifanana na uyoga, na jina likatokana na uyoga huo. Fangasi hamna ndani yake. Saratani hii kwa kawaida huenda polepole, na inaweza kukaa miaka mingi ikiwa ni baka tu. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu huweza kujitokeza kama mabaka yaliyopauka. Ikijulikana mapema, wengi huishi nayo miaka mingi wakitibiwa.

Sasa tuje kwenye dawa zetu za kupaka. Krimu yenye steroidi hutuliza pumu ya ngozi. Lakini hutuliza pia, kwa muda, muwasho wa fangasi, huku fangasi yenyewe ikizidi kutambaa chini kwa chini. Hutuliza hata baka changa la saratani niliyoitaja. Dapsoni, ambayo ni mojawapo ya dawa za ukoma, imewahi kuwapa nafuu baadhi ya wagonjwa wa musinosisi wasio na ukoma hata kidogo. Ndiyo maana nasema kupata nafuu si kipimo. Dawa imetuliza ngozi, haijataja jina la ugonjwa.

Nimesimama mara nyingi katika maduka ya dawa nikisikiliza. Mteja anasema, "Nipe ya kupaka, inaniwasha." Swali analoulizwa ni moja: "Unataka ya bei gani?" Hakuna anayeomba kuliona baka, wala anayeuliza lina miezi mingapi.

Najua jibu la wasikilizaji wengi. Hospitali ni mbali, foleni ni ndefu, na nauli ni shida. Ni kweli. Hata hivyo tusiseme hakuna njia. Tangu mwaka 1992, pale KCMC mjini Moshi, kimekuwapo kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi, na matabibu waliosomea hapo kutoka nchi mbalimbali za Afrika hurudi kuhudumia watu wao. Anzeni na tabibu wa karibu, naye ataamua kama ni lazima mwende mbele.

Baka lililopoteza hisia lisingoje hata wiki. Ukoma unatibika, na tangu mwaka 1995 dawa zake zimekuwa zikitolewa bure duniani kote. Baka linalorudi kila dawa inapokwisha, au linalonyonyoa nywele, nalo lionyeshwe. Nendeni na maboksi ya dawa zote mlizopaka, msione haya, kwa sababu dawa hizo zinaweza kubadilisha sura ya ugonjwa.

Mkiambiwa kipande kidogo cha ngozi kikatwe, msikimbie. Hupigwa sindano ya ganzi kwanza. Kipande hicho hutiwa rangi maalumu, kikatazamwa kwa darubini, na uteute ukaonekana. Wakati mwingine kipande kimoja hakitoshi, na hurudiwa baada ya miezi. Huko si kubahatisha kwa daktari. Hata wataalamu hawawezi kila mara kutenganisha ugonjwa mwepesi na mzito kwa kipimo cha siku moja, ndiyo sababu hata aliyeambiwa ana ule mwepesi hutakiwa kurudi kuangaliwa.

Ndugu wasikilizaji, wenye maduka wataendelea kuuza, nasi tutaendelea kujikuna. Basi kabla ya kununua krimu ya tatu kwa baka lile lile, fedha hiyo na iwe nauli.

Tukijaaliwa, tukutane tena juma lijalo.