PANELI YA GHALA IMELIPA JUA KISOGO

(Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Ghala mbele ya mkutano wa wanachama, Ngokolo. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Ajenda ya nne inasema tununue betri mpya. Mimi nimesimama kuipinga. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Wote mnakumbuka msimu wa pamba uliopita. Mwezi Juni, hakuna wingu hata la dawa, jua linawaka, na mizani inazima saa tisa mchana. Watu wakalala na magunia yao barazani. Minong'ono ikaanza: eti karani anaizima makusudi ili aibe kilo. Usiku nayo taa ya mlinzi ikawa haifiki saa nane. Lakini Desemba, mwezi wa mawingu, taa ile ile kwa betri ile ile iliwaka mpaka asubuhi. Hivi hamkushangaa?

Mimi nimepanda juu ya paa. Paneli imeinuliwa digrii 35 na inatazama kusini. Fundi aliyeifunga hakufanya uzembe, alifuata karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Nimeisoma. Ni ya nchi za kaskazini ya dunia, kama Ujerumani, ambako jua la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima.

Sisi hapa tuko karibu digrii 4 tu kusini ya Ikweta, na jua letu linahama. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba linapita kaskazini yetu, miezi mingine linapita kusini. Asiyeamini asimike fimbo uwanjani mwezi Juni, saa saba kasorobo. (Ndiyo, kasorobo. Saa za Tanzania zinafuata jua la mbali huko mashariki, baharini, kwa hiyo adhuhuri ya Shinyanga huchelewa.) Atakuta kivuli kimeangukia kusini.

Sasa tupige hesabu. Juni 21, adhuhuri, jua liko digrii 27 kaskazini ya utosi. Paneli imeinama 35 kusini. Jumla 62. Mwanga unaipiga ubavuni, na inapata chini ya nusu ya ule ambao ingepata kama ingelitazama jua uso kwa uso. Na Juni ndiyo tunapima pamba! Mama aliyeanika michembe upande wa kivuli wa jabali, ikakataa kukauka, haendi kutafuta jabali jingine.

Jua lenyewe halijapungua, jamani. Hapo jirani Kishapu ndipo palipochaguliwa kwa mradi wa TANESCO wa umeme wa jua wa megawati 150, na mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2023.

Ninachoomba ni hiki: tuigeuze itazame kaskazini, tuilaze ibaki digrii 10. Hapo itafaa Juni, na Desemba haitapoteza sana. Kuilaza kabisa hapana, maana maji ya mvua hayatatiririka na tope litakauka juu yake. Wala tusiigandamize kwenye bati. Wati zilizoandikwa mgongoni zimepimwa paneli ikiwa na joto la digrii 25. Kila digrii inayozidi inakula karibu 0.4 kwa mia. Juu ya bati la moto ikifika 65, kwenye wati 100 zimekwenda kama 16. Tuiachie nafasi ya shibiri moja upepo upite. Na vumbi la kiangazi lifutwe kila wiki, asubuhi, kioo kikiwa bado baridi.

Pesa za betri zibaki kwa mweka hazina. Tupime wiki mbili. Taa ikiendelea kuzima usiku, mimi mwenyewe nitanyoosha mkono wa kununua betri.

Kazi ni Jumapili asubuhi. Ngazi ninayo. Nahitaji vijana wawili wasioogopa paa, na mwenye spana namba 13 aje nayo.