BARUA KWAKO WEWE MWENYEWE: DAFTARI LA MOYO

(Mada iliyosomwa na wanachama wawili kwa niaba ya kikundi, siku ya maadhimisho ya miaka 10, Iguguno)



Waliotutangulia kuzungumza wameeleza vizuri hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Hatutazirudia. Sisi tumepewa mada ambayo ilipotajwa kwenye kikao cha maandalizi, baadhi ya wenzetu walicheka. Mada yenyewe ni kujiandikia barua. Mmoja akauliza, "Sasa barua hiyo unaipeleka posta gani?" Tunaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo hili limetusaidia, na tungependa vikundi vingine walijue.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo sababu tangu mwanzo tulikuwa na sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Kila mwanachama ana kitabu chake kinachogongwa muhuri kila anaponunua hisa. Hapa kwetu hakuna kubishana kwa "mimi nakumbuka". Kitabu kinafunguliwa, mambo yanaisha.

Lakini jamani, moyo wa mwanamke una daftari gani? Tumeona kwamba moyo ukiachiwa kukumbuka wenyewe unakumbuka madeni tu. Uliloshindwa unalihifadhi miaka 20. Ulilolishinda, ukiamka kesho yake umelisahau. Hapo ndipo barua inapoingia.

Mwaka wetu wa sita mvua zilikatika mapema. Mtama ulinyaukia shambani, na alizeti ikatoa vichwa vidogo kama vifungo vya shati. Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tueleze habari hii bila kumtaja jina, alikuwa amekopa 200,000/= za biashara ya kuku. Mtoto akaugua, na fedha ikaishia kwenye matibabu. Alhamisi ya kwanza hakuja kikaoni. Ya pili hakuja. Ya tatu tukamfuata nyumbani.

Tulimkuta amekonda. Hakuna mtu aliyekuwa amemtukana. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akijitukana. Alituambia, "Nikiteka maji najiita mwizi. Nikisonga ugali najiita mwizi." Hebu tujiulize: mama huyu, kama jirani yake angepatwa na mkasa ule ule, angemwita mwizi? Asingethubutu! Angemwambia, "Pole dada, mtoto kwanza, fedha zitalipwa." Neno la upole alikuwa nalo la kuwapa watu wote, ila mwenyewe hakujigawia hata kidogo.

Kikundi kilikaa kikakubali alipe 20,000/= kila mwezi. Alilipa miezi 10, akamaliza. Siku ya mgao ya mwaka ule katibu aligawa karatasi na bahasha kwa kila mwanachama, tukaambiwa kila mtu ajiandikie mwenyewe, afunge, aende nayo nyumbani, aifungue mwaka unaofuata. Yule mwenzetu aliandika mistari mitatu: "Nimelipa yote. Sikuwa mwizi. Nilikuwa na mtoto mgonjwa." Miaka miwili baadaye kuku wake walikufa kwa kideri, na yale maneno ya zamani yakaanza kurudi kichwani. Akatoa barua yake, akaisoma. Anasema haikumpa fedha, ila ilimpa ushahidi. Alhamisi ile alikuja kikaoni, akaeleza hali yake mbele ya wote.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuandika kwa mkono wako mwenyewe si jambo dogo kwa wanawake wa hapa. Babu zetu wengi kutoka Singida walikwenda kukata mkonge Tanga. Huku nyuma bibi zetu walipokea barua ambazo hawakuweza kuzisoma. Ilibidi amtafute kijana wa shule amsomee, kisha amwandikie jibu. Basi mwanamke akitaka kumwambia mumewe jambo la ndani, lazima lipitie kwanza kwenye masikio ya mtoto wa jirani. Mengi yaliishia kwenye salamu tu.

Mambo yalibadilika kwa kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaenea nchi nzima. Sisi tulikuwa bado Wilaya ya Iramba, kabla ya Mkalama kuwa wilaya. Mama zetu walikwenda darasani jioni na watoto mgongoni, wakakaa kwenye madawati ya watoto wao. Katika mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walionekana kuwa asilimia 39. Mwaka 1986 walikuwa chini kidogo ya asilimia 10. Baada ya hapo madarasa mengi yalidorora, na hilo tunalijua sote. Lakini kalamu ile waliyoishika mama zetu ndiyo inayoandika vitabu vya kikundi hiki leo. Na kalamu inayoweza kuandika hisa inaweza kuandika pia habari za mwenye hisa.

Tena si sisi wa kwanza. Kule Zanzibar mwaka 1844 alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said. Enzi zile mabinti walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Baadaye aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akabaki na watoto watatu katika nchi ya baridi, mbali na ndugu. Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 1886. Lakini zaidi ya hicho aliandika barua ndefu kana kwamba anamwandikia rafiki aliyebaki nyumbani, akieleza upweke, ufukara na kuhangaika na lugha ya watu. Barua zile hazikuchapishwa akiwa hai. Alifariki mwaka 1924, nazo zikatoka kitabuni mwaka 1993. Sasa tuulize, barua isiyopelekwa aliandikiwa nani? Sisi tunaona alijiandikia mwenyewe, apate mahali pa kusemea.

Na jirani zetu wa Uganda, akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliunda chama chao kiitwacho NACWOLA mwaka 1992. Katika miaka ile, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wengi, akina mama wa chama hicho walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa watoto wao: ukoo wetu ni huu, ulizaliwa siku hii, mimi mama yako napenda hiki, ninaumwa ugonjwa huu. Vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya watoto. Lakini fikirini wenyewe: mama hawezi kumwandikia mwanawe "naumwa" kabla hajakubali kujiambia yeye kwanza.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1986, kule Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walitoa utafiti wa wanafunzi wa chuo walioandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Walioandika yale yaliyowaumiza zaidi, tukio pamoja na hisia zake, siku ile ile walijisikia vibaya zaidi. Lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata, nazo zinaonyesha faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo, na si kila mtu anaipata. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba barua ni dawa ya kila kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, sisi wa hisa tunalijua hilo kuliko watu wote.

Sasa tueleze tunavyofanya, ili anayetaka aanze.

Kwanza, tunaanza na salamu. Wote tunakumbuka barua za zamani: "Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali." Tuliandika hivyo hata tukiwa na homa. Katika barua hii salamu ijibiwe kweli. Kama hulali usiku, andika hulali. Huyu unayemwandikia huwezi kumficha.

Pili, tunaandika tulichokifanya mwaka huo, hata kiwe kidogo. Nimelipa ada. Nimepanda ekari moja ya alizeti. Nimemuuguza mama mkwe mpaka akasimama. Hakuna mtu atakayetusomea risala kwa mambo haya, basi tuyaandike wenyewe.

Tatu, tunaandika linalouma, kwa lugha ile ile tunayoitumia kumfariji shoga aliyekuja analia. Ukiona umeandika neno ambalo usingemwambia shoga yako, likate, uandike jingine.

Nne, tunaweka ahadi moja tu, inayowezekana. Tano, tarehe na jina. Nusu ukurasa unatosha.

Kwa wenzetu wasiojua kuandika, kila mmoja anachagua mtu anayemwamini, wanakaa pembeni, anasema na mwenzake anaandika maneno yake bila kuongeza wala kupunguza. Bibi mmoja yeye alikataa mwandishi. Alichora mistari 7 kwa idadi ya wajukuu anaowalea, akaweka dole gumba. Barua yake imekamilika kabisa.

Kuna na tahadhari. Barua ya mtu haisomwi na kikundi, haisomwi na kiongozi, wala haiwekwi sandukuni. Ni mali ya mwenyewe. Kama nyumbani hakuna mahali pa usalama, kama kuna mtu akiisoma utapigwa, basi iandike, uisome, uichome. Faida ya kuandika umeshaipata. Na kama yaliyomo ni kipigo, au mawazo ya kutaka kujiua, hilo si la kubaki ndani ya bahasha. Mweleze mtu unayemwamini, nenda kituo cha afya, kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunajua wapo watakaosema huku ni kujipenda kupita kiasi. Kiswahili chetu chenyewe kina utata hapa. Tukisema "mama huyu anajipenda", tuna maana amevaa kitenge kizuri na kusuka nywele. Wengine wakisikia kujipenda wanafikiri ni ubinafsi, kuwanyima watoto ili ule wewe. Sisi tunasema si hivyo. Mwanamke anayejiita mwizi usiku kucha haamki na nguvu za kulea. Tena anaona aibu kuja kikaoni, na asipokuja, hisa zinasimama, mkopo unalala, na anayeumia mwisho ni mtoto yule yule. Kujipenda tunakokusema sisi ni kujitendea haki: kujihesabia ulicholipa, si unachodaiwa peke yake.

Siku hizi kila mtu ana simu, na ujumbe unaoingia mara nyingi ni wa kudaiwa. Karatasi haidai. Inakungoja pale ulipoiweka, kwa mwandiko wako, na wewe ndiye unayejua ulikuwa unasema kweli.

Kwa hiyo, akina mama wenzetu, mtakapofungua kijitabu hiki mtakuta ukurasa wa mwisho umeachwa mtupu. Fundi wa kupiga chapa hakusahau. Sisi ndio tuliomwomba auache hivyo. Ni wa kwako. Jioni ya leo, watoto wakishalala, chukua kalamu, andika tarehe, uanze: "Kwako mpendwa," kisha jina lako.