Mali bila Daftari: Kuchagua Kioo cha Kompyuta kwa Ofisi ya Chama



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari la chama cha msingi lilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kilichokaa juu ya meza ya katibu. Na mwanachama aliyetilia shaka kilo zake aliweza kufunguliwa kitabu hicho, akaweka kidole juu ya jina lake, akasoma. Leo, katika vyama vingi, daftari hilo limehamia ndani ya kompyuta. Nchini Tanzania, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeweka mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika uitwao MUVU, ambamo vyama huingiza taarifa zao. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba daftari la namna hii husomwa kupitia kioo. Na kioo kikiwa kidogo au hafifu, daftari nalo husomeka kwa shida.

Kompyuta mpakato za bei nafuu aghalabu huwa na kioo cha inchi 14 au 15. Jedwali la mapokezi ya mazao, lenye safu za jina, namba ya mwanachama, kilo, daraja, makato na malipo, halienei humo. Katibu hulazimika kulisogeza kulia na kushoto, na jina hupotea machoni wakati malipo yanapoonekana. Hapo ndipo kilo za mkulima mmoja huweza kuandikwa katika mstari wa jirani yake. Kosa hilo si wizi. Lakini kwa mkulima aliyepunjwa halina tofauti kubwa na wizi.

Dawa yake si lazima iwe kompyuta mpya. Kioo cha nje, ambacho madukani huitwa monita, huunganishwa na kompyuta iliyopo na kuipa uwanja mpana wa kusomea. Lakini kwa kuwa fedha zitakazokinunua ni za wanachama, haitoshi katibu kuingia dukani na kutoka na kile alichosifiwa na muuzaji. Kuna mambo kadhaa ya kupima.

Kwanza ni ukubwa. Kioo hupimwa kwa inchi toka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Kwa kazi za ofisi kioo cha inchi 24 kinafaa. Eneo lake ni zaidi ya maradufu ya kioo cha inchi 15, na bado kinaenea juu ya meza ya kawaida.

Pili ni idadi ya nukta zinazounda picha, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kioo kikubwa chenye nukta chache hakionyeshi safu nyingi zaidi. Hukuza tu zile zile chache. Kioo chenye nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo kina nukta milioni moja na kidogo. Chenye 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni mbili, na hicho ndicho kipimo cha chini ambacho chama kingekubali. Kwa inchi 24 kipimo hicho hutoa herufi safi. Kwa inchi 27 nukta zile zile hutawanyika, na herufi huanza kuonekana zenye kingo za kukwaruza. Anayetaka inchi 27 atafute chenye 2560 kwa 1440, na ajue kwamba bei itapanda.

Tatu ni aina ya kioo chenyewe. Juu ya boksi huandikwa moja ya alama tatu: TN, VA au IPS. Aina ya TN hubadilika rangi na kufifia mtu anapokitazama toka pembeni au toka chini. VA huonyesha weusi uliokolea vizuri. IPS husomeka vyema toka pande zote. Katika ofisi ambamo katibu ameketi, mhasibu amesimama nyuma yake na mwanachama yuko upande wa pili wa meza, IPS ndiyo yenye manufaa. Aidha, kichaguliwe kioo kisichong'aa usoni, maana kioo king'aacho hugeuka kuwa cha kujitazamia mara dirisha linapofunguliwa.

Muuzaji hupenda pia kutaja kasi ya picha, kwamba kioo fulani huonyesha picha mara 144 au 165 kwa sekunde. Sifa hiyo huwafaa wachezaji wa michezo ya kompyuta. Kwa majedwali na barua, mara 60 zatosha, na chama hakina sababu ya kuilipia zaidi. Vivyo hivyo kwa kioo kilichopinda.

Nne ni matundu ya kuunganishia. Kabla ya kwenda dukani, katibu aitazame kompyuta ya chama. Nyingi za zamani zina tundu la VGA, lenye vishimo 15, lililoanza kutumika mwaka 1987; mpya nyingi zina HDMI. Kioo chenye matundu yote mawili huishi na kompyuta ya leo na ya kesho. Tundu dogo la USB-C lisiaminiwe kwa kulitazama tu, kwani si kila moja hupitisha picha, lijaribiwe kwanza.

Tano ni umeme. Kioo cha kisasa cha inchi 24 hutumia takriban wati 15 hadi 25. Chenye wati 20, kikiwashwa saa 8 kwa siku 22 za kazi, kitatumia uniti tatu na nusu hivi kwa mwezi, kiasi ambacho hata mtambo mdogo wa jua unaweza kukibeba. Lebo yake isomwe: iandikwe 100 hadi 240, kwa sababu kilichotengenezwa kwa umeme wa volti 110 pekee kitaungua kikichomekwa katika umeme wa volti 230. Tena, kioo hakina betri. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea na kazi. Lakini kwa kompyuta ya mezani, kioo na kompyuta vyote viwe katika UPS, la sivyo katibu hataona anachopaswa kuhifadhi.

Kuhusu vioo vilivyokwisha kutumika, vinavyoletwa kutoka nchi za nje, si vyote ni vya kukataliwa. Vingi vilikuwa vya ofisi, na vina miguu imara ya kupandisha na kushusha. Lakini viwashwe mbele ya mnunuzi kwa muda wa kutosha, vionyeshwe rangi nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani na buluu, ili nukta zilizokufa na mabaka yaonekane. Dhamana iwe ya maandishi, pamoja na risiti halali.

Thamani haipimwi kwa bei ya siku ya kununua pekee. Chukueni mfano wa hesabu: kioo cha shilingi 180,000 kikidumu miaka mitatu, kila mwaka umegharimu shilingi 60,000. Cha shilingi 300,000 kikidumu miaka minane, kila mwaka umegharimu shilingi 37,500. Bodi ilinganishe bei za maandishi za wauzaji watatu kwa kipimo kimoja, uamuzi uingie katika muhtasari wa kikao, na kioo kiingizwe katika rejesta ya mali siku kinapofika.

Kikishafika, ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho ya katibu au chini yake kidogo, umbali wa urefu wa mkono, na dirisha liwe ubavuni.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Kioo cha nje kinaweza kugeuzwa kikamkabili mwanachama, ili siku ya mapokezi au malipo asome mwenyewe kilo zake, makato yake na salio lake kabla ya kutia sahihi. Hapo tahadhari yahitajika: kompyuta ikiwekwa ionyeshe picha moja katika vioo vyote viwili, mwanachama ataona pia hesabu za wenzake, jambo lisilofaa. Katika kompyuta za Windows, vitufe vya Windows na P vikibonyezwa pamoja, huweza kuchaguliwa njia ya kutanua picha. Orodha yote ikabaki kwa katibu, na ukurasa wa mwanachama mmoja ukapelekwa upande wake.

Chama kitakachofanya hivyo kitakuwa kimemrudishia mwanachama haki aliyokuwa nayo enzi za kitabu chenye jalada gumu: kuweka kidole juu ya jina lake na kusoma. Mwanachama aliyesoma hesabu yake mwenyewe hahitaji kuaminishwa na mtu.