Maji ya Kiangazi na Mibuni ya Mbinga



Mvua za Mbinga hukoma mwezi wa Mei, na hazirudi mpaka Novemba, pengine Desemba. Katika miezi hiyo utaliona jambo moja kila jioni, Mbinga mjini na hata kule Mbamba Bay. Mtu ametoka na kopo, anamwagilia ua wake wa michongoma na mibuni minne mitano nyuma ya nyumba, kila shina kopo moja, kisha anaingia ndani ameridhika. Maji yenyewe binti yake kayapangia foleni bombani.

Tuseme wazi kwamba maji hayo yamepotea. Kopo moja hulowesha udongo vidole viwili tu, na jua la kesho huyamaliza kabla ya saa sita. Mmea uliokwisha shika, yaani uliotimiza miaka miwili mitatu ardhini, una mizizi iliyoteremka chini zaidi ya hapo. Ukiuzoesha maji ya juu juu, mizizi myembamba nayo hubaki juu juu kuyangoja.

Basi mara ngapi? Mwambao wa Ziwa Nyasa una joto, na penye mchanga maji hayakai. Huko mara moja kwa juma ni haki. Mbinga juu, penye udongo mwekundu na baridi ya Juni na Julai, kila baada ya majuma mawili au matatu yatosha. Lakini iwe ndoo nzima, polepole, na si shinani bali chini ya ncha za matawi. Kama una shaka, chimba kwa panga kina cha kiganja. Udongo ukifinyangika, rudisha ndoo ndani.

Mbuni una shauri lake. Vichwa vya maua yake hulala wakati wa ukame, na ukame huo ndio unaoviandaa. Mvua nzito ya kwanza ikishuka, huamka pamoja, na baada ya siku nane hadi kumi na mbili hivi shamba zima ni jeupe. Anayenyunyizia kidogo kidogo tangu Agosti huviamsha mafungu mafungu. Matunda nayo huiva mafungu mafungu, mchumaji hurudi shina lile lile juma hadi juma, na akichoka huparura mbichi na mbivu pamoja. Mnunuzi huijua kahawa hiyo mara moja, na bei yake anaijua pia. Kwa hiyo mbuni mkubwa uacheni upumzike, isipokuwa mkiona majani yamelegea hata asubuhi.

Wamatengo walilitatua hili zamani kwa ngoro zao: majani hufukiwa chini ya matuta, na maji ya mvua hukaa shimoni badala ya kukimbilia bondeni. Nyumbani fanyeni vivyo hivyo kwa matandazo. Mwezi wa Aprili, udongo ungali na unyevu, tandazeni majani makavu unene wa kiganja, mkiacha nafasi kidogo kuzunguka shina.

Miche ya mwaka huu haimo katika hesabu hii. Hiyo inywe mara mbili kwa juma mpaka mvua ziingie.