Kibali na Ufunguo

Wageni waendeshao magari na vespa Unguja, wasikilizaji wetu, hutakiwa kuwa na kibali. Vibali hukaguliwa barabarani, na asiye nacho husimamishwa. Ni jambo jema, hatulipingi; lakini kinachotutia shaka si kibali, ni ufunguo.

Kibali ni karatasi. Mgeni aliyetoka Italia, Ujerumani au Poland, ambako tangu utoto wake ameona magari yakipita mkono wa kulia, huonyesha leseni ya kwao, akalipa ada, akapewa karatasi. Na karatasi hiyo haimfunzi kupita kushoto. Anapokabidhiwa gari nje ya hoteli, aghalabu mwenye gari humwonyesha mikwaruzo ya milango ili baadaye pasizuke mzozo, kisha humpa ufunguo na kumtakia safari njema. Juu ya barabara hamwambii neno. Mtazameni basi anapofika njia panda ya kwanza: ataka kukata kona, agusa kijiti cha kushoto cha usukani kama alivyozoea, na badala ya indiketa kuwaka, waipa zaanza kupangusa kioo kikavu. Akili yake imekwenda kwenye waipa, na nyuma yake honi zinalia.

Wengi hudhani hatari iko Darajani na Mwanakwerekwe, penye msongamano. Kwa yakini, penye msongamano mgeni huongozwa na magari yaliyo mbele yake. Hatari iko pale pasipo gari: asubuhi mapema, anapotoka hotelini Jambiani au Nungwi akaikuta barabara tupu, hana wa kumfuata, na mazoea ya umri wake yakamvuta kulia pasi na yeye kutambua, hata kwenye kona akakabiliana na daladala iliyojaa watu waendao kazini. Kibali anacho mfukoni. Ufunguo alipewa bila neno.

Na wakati wa Magharibi, katika njia za shamba, ambapo pengi hapana pa kupita waendao kwa miguu, watu huelekea misikitini, watoto hutoka chuo cha Kurani makundi kwa makundi, na gari la ng'ombe halina taa. Sisi twayajua hayo. Mgeni nani kamwambia?

Barabara ya msitu wa Jozani ilipotiwa lami katika miaka ya 1990, na kima punju wakawa wanagongwa, yaliwekwa matuta, na vifo vyao vikapungua. Twaisifu hadhari ile. Ikiwa mnyama huyu adimu aliistahili, basi mtoto wa Bwejuu aivukaye barabara na juzuu yake mkononi aistahili zaidi, naye hatujamfanyia la maana ila kuuza karatasi.

Basi enyi wakodishaji, dhima ni yenu kabla haijawa ya polisi! Kaeni na mgeni ndani ya gari robo saa, mpitisheni kwenye mzunguko, aone kwamba huingiwa kwa kushoto na wa kulia ndiye apishwaye. Bandikeni mshale mbele ya macho yake. Mwenye kukodi vespa asiondoke bila kofia ngumu, hata akisema aenda karibu. Enyi mtoao vibali, msitoe hata kimoja kabla hamjamwuliza mtu atapita upande gani! Enyi askari wa barabarani, mkiisha kuisoma karatasi, mwulizeni tena! Nanyi ndugu zetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu, ambako pia hupitwa kulia, mjapo kututembelea mkakodi gari, mtakeni mwenyewe akae nanyi kwanza mpaka mikono izoee, wala msione haya kumweka.