Maagizo ya Mkristu Kabla ya Ugonjwa Mzito



Katika masomo yetu ya Sakramenti tumefika kwenye Mpako wa Wagonjwa. Basi leo tutajifunza jambo lililo karibu nao: namna Mkristu anavyopaswa kuwaagiza jamaa zake, wakati angali mzima, juu ya yale watakayomtendea atakapougua sana na kushindwa kusema.

Najua wengi hawapendi kusikia maneno haya. Husema: “Anayetaja kifo anakiita.” Lakini tufikiri kidogo. Mtu anayetengeneza paa lake kabla ya masika, je, ndiye aliyeita mvua? Mvua itakuja kwa wakati wake. Tofauti ni kwamba huyu atalala pakavu, na jirani yake atalowa.

Tazameni mambo yanayotokea vijijini. Baba wa jamaa anaanguka ghafula. Upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi hausemi. Mara ukoo unakutana, na mabishano yanaanza. Mwana wa kwanza anasema: “Tumpeleke hospitali ya mjini.” Mdogo wa baba anajibu: “Hapana, kaka yangu amerogwa, twende kwa mpiga ramli.” Mke anataka Padri aitwe, lakini mashangazi wanamkataza: “Mgonjwa akimwona Padri, atajua kwamba anakufa!” Wanauza mbuzi, kisha wanauza shamba. Naye mwenye haki ya kuamua amelala katikati yao. Labda anasikia, wala hawezi kujibu. Mwisho baba anakufa bila Sakramenti, watoto hawana shamba, na ndugu hawasalimiani tena.

Jamaa hao si watu wabaya. Kila mmoja alimpenda mgonjwa kwa namna yake. Kilichokosekana ni neno la baba mwenyewe.

Sasa tumtazame Yakobo katika kitabu cha Mwanzo. Mzee huyo alipoona siku zake zinakwisha katika nchi ya Misri, alimwita mwanawe Yosefu, akamwapisha kwamba hatamzika Misri, bali atamchukua mpaka kaburi la baba zake katika nchi ya Kanaani. Tena hakuishia hapo. Kabla ya kukata roho aliwaagiza wanawe wote neno lilelile, akawatajia shamba lenyewe na pango lenyewe. Alipokufa, Yosefu alikwenda kuomba ruhusa ya Farao akiwa na kiapo cha baba yake kinywani, na wana wa Yakobo wakamzika kama alivyoagiza. Angalieni mambo matatu: aliagiza mapema, alimchagua mmoja, akawajulisha wote. Yakobo aliagiza juu ya maziko yake. Sisi tufuate mfano wake juu ya ugonjwa wetu.

Swali: Je, Mkristu analazimika kutafuta kila dawa iliyopo duniani?

Jibu: Halazimiki. Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pio wa 12 aliwajibu madaktari waliomwuliza juu ya mashine ya kumvutisha pumzi mgonjwa asiye na matumaini tena. Baba Mtakatifu alifundisha kwamba kila mtu anapaswa kulinda uzima aliopewa na Mungu kwa njia za kawaida, yaani zile zisizomlemea kupita kiasi yeye mwenyewe wala wengine, kwa kadiri ya hali ya watu, ya mahali na ya wakati. Njia za kupita kawaida hazimlazimu. Akaongeza kwamba daktari hutenda kwa ruhusa ya mgonjwa. Na kama mgonjwa ni mtu mzima aliyepoteza fahamu, haki ya jamaa hufuata yale yanayodhaniwa kuwa mapenzi ya mgonjwa mwenyewe.

Sikilizeni vema neno hilo. Jamaa hawaamui kama wapendavyo wao. Yawapasa kutafuta alivyotaka mgonjwa. Lakini watajuaje, ikiwa hakuwaambia?

Mtu mwenye malaria asiikatae dawa ya dispensari. Mama anayeshindwa kujifungua apelekwe hospitali upesi, wala wazee wasimcheleweshe kwa shauri refu. Bali mzee aliyeenewa na kansa mwili mzima, ambaye daktari amesema hawezi kuponywa, halazimiki kubebwa siku nyingi njiani na kuuza shamba la wajukuu ili aongezewe siku chache za mateso. Akichagua kubaki nyumbani, akioshwa, akilishwa na kuombewa na watu wake, hajajiua. Amekubali kwamba yeye ni kiumbe, na Mungu ndiye Bwana wa uzima.

Papa Yoane Paulo wa Pili alitupa mfano. Mwanzoni mwa mwaka 2005 alikuwa amelazwa hospitalini Roma, akatobolewa koo ili apate kupumua. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya mwishoni mwa mwezi wa Machi, hakurudishwa hospitalini. Alibaki nyumbani mwake Vatikano, akapokea Mpako wa Wagonjwa, akafa tarehe 2 Aprili katikati ya sala za watu wake.

Swali: Je, Mkristu aweza kuwaagiza watu wamwue ili mateso yaishe?

Jibu: Hawezi kamwe. Amri ya tano inakataza kumwua mwingine na kujiua. Eklezia ilithibitisha hayo tena tarehe 5 Mei 1980, na katika Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992. Wala mgonjwa asinyimwe chakula na maji maadamu mwili wake unavipokea. Lakini dawa ya kutuliza maumivu makali ni halali, hata kama inaleta usingizi, mradi nia si kuua, na mgonjwa awe amekwisha kutimiza wajibu wake kwa Mungu na kwa watu.

Basi, Mkristu aagize nini? Aagize mambo manne.

La kwanza, Padri aitwe mapema. Zamani watu waliuita “mpako wa mwisho”, wakauogopa kama mjumbe wa kifo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulisema kwamba yafaa zaidi kuuita Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa si wa wale tu wanaokata roho. Mtume Yakobo anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa Eklezia wawaombee na kuwapaka mafuta. Msingoje mpaka mgonjwa hajui tena anachopokea.

La pili, amtaje mtu mmoja atakayesema na daktari kwa niaba yake. Enyi waume, kama mnamwamini mke kwa jambo hilo, mtajeni waziwazi mbele ya ndugu zenu. Maana msipomtaja, siku ile wengi watamnyamazisha. Nanyi wanawake, mna haki ya kutoa maagizo yenu wenyewe.

La tatu, aseme matibabu anayoyataka, na yale asiyoyataka daktari akisema hakuna matumaini tena. Akataze waziwazi kwamba asipelekwe kwa mpiga ramli.

La nne, aseme mali gani iuzwe kwa ajili ya matibabu, na ipi isiguswe kwa sababu ni chakula cha watoto.

Maneno hayo yatolewe mbele ya mke au mume, watoto wakubwa, na ndugu wa ukoo, katekista akiwa shahidi. Kisha yaandikwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba. Karatasi moja ikae nyumbani, ya pili kwa katekista; na siku ya ugonjwa daktari aonyeshwe. Maadamu mwenyewe ana akili timamu, aweza kuyabadili. Ni vema kuyasoma tena kila mwaka wakati wa Kwaresima, tunapopakwa majivu na kukumbushwa kwamba tu mavumbi.

Msidhani kwamba karatasi hiyo ni kwa faida ya mgonjwa tu. Inamwondolea mwana mzigo wa kujiuliza maisha yake yote: “Je, nilimwacha baba afe?” Atajibu kwa moyo mtulivu: “Nilitenda alivyoniagiza.” Huo ni urithi mkubwa kuliko ng’ombe.

Kusudi la juma hili: kabla ya Dominika ijayo, kila baba na kila mama amchague yule atakayemsemea, akamwambie. Ninyi vijana, msingoje wazee waanze. Waulizeni kwa heshima wanalotaka.

Tujikabidhi kwa Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wanaozimia, atuombee kufa kwema, siku ile Mungu atakapotuita.

Tumsifu Yezu Kristu, milele na milele. Amina.