Kabla ya Kununua Memori, Ipime Kwanza Kompyuta Yako



Mfanyabiashara wa leo huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, na kijana aliyehitimu huomba kazi serikalini kwa njia hiyohiyo ya mtandao. Kompyuta ya nyumbani ikikwama katikati ya fomu, ushauri unaotangulia ni mmoja: ongeza memori. Huenda ni kweli. Huenda pia ni fedha ya ada ya mtoto inayotupwa bure.

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo mtaani huitwa kwa jina moja. Diski ni ghala. Hutunza picha na hati hata umeme ukikatika. Memori, yaani RAM, ni meza ya kazi. Hubeba yale tu yaliyofunguliwa kwa wakati huo, na kompyuta ikizimwa meza hubaki tupu. Kwa hiyo anayefuta picha za harusi ili apate memori anajisumbua, na picha anazikosa. Meza ikijaa, kompyuta hulazimika kupeleka sehemu ya kazi ghalani na kuirudisha kila inapohitajika. Hapo ndipo inaposuasua.

Kwa wenye Windows, kipimo hakina gharama. Fungua kwanza vyote unavyovitumia siku ya kawaida: kivinjari na kurasa zake, hati zako, na muziki kama ni desturi yako. Kuipima kompyuta isiyo na kazi ni sawa na kumpima nguvu punda asiyebeba mzigo. Kisha bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc, uchague palipoandikwa Performance, halafu Memory. Utaona asilimia inayotumika. Ikiwa inakaa juu ya 85 au 90 muda wote wa kazi huku kompyuta ikisuasua, memori haitoshi. Funga kurasa usizozihitaji, upime tena. Nafuu hiyo ni ya bure.

Lakini asilimia ikiwa 50 na kompyuta bado ni nzito, usinunue memori. Tazama palipoandikwa Disk: ikisimama kwenye 100 kwa muda mrefu, fundi aikague diski. Na kama kinachochelewa ni kurasa za mtandao pekee, yamkini tatizo ni intaneti.

Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4. Kwa maoni yangu, 8 ndizo zinazomtosha mtu wa fomu na barua.

Ukishajiridhisha, nenda kwa fundi ukiwa na kompyuta yenyewe. Memori ya DDR3 haiingii penye nafasi ya DDR4, ya kompyuta ya mezani haiingii kwenye kompyuta mpakato, na baadhi ya mpakato memori yake imeunganishwa na bodi, haiongezeki. Akimaliza kuifunga, iwasheni hapohapo, mfungue dirisha lilelile na msome pamoja idadi ya gigabaiti. Ikiwa imeongezeka, mlipe.